Nani Atauliza Usipofika?

Kila tarehe 1 Oktoba, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga kwa azimio la mwaka 1990, wazee wa nchi zetu hukusanywa. Mahema hufungwa uwanjani, viti vya plastiki hupangwa, fulana zenye kaulimbiu ya mwaka hugawiwa, mgeni rasmi huchelewa, risala husomwa, ngoma huchezwa, na mwishowe kila mmoja hupewa soda na chakula kabla ya kurudishwa alikotoka. Sherehe yenyewe haina ubaya. Wapo wazee ambao kwao hiyo ndiyo siku pekee ya mwaka wanapovaa vizuri na kupiga soga na watu wa rika lao. Lakini ukitaka kujua imewafaa kiasi gani, usiulize walihudhuria wangapi. Uliza kama yuko aliyekosekana, nani aligundua, na kesho yake alifanya nini. Mara nyingi hakuna aliyegundua, kwa sababu shughuli ya aina hiyo huhesabu vichwa, na kichwa kimoja kikipungua hujazwa na kingine. Hoja ya sura hii inaanzia hapo. Ninachodai ni kwamba shughuli za jamii humfaa mzee pale anapotarajiwa: pale ambapo asipofika kuna jambo litakwama, au kuna mtu atauliza. Mazoezi, ushonaji, kwaya na safari za pamoja vyote ni vizuri, ila nguvu yake hupungua sana kama mzee ni mtazamaji tu aliyeletwa na gari.

Pingamizi la kwanza huja haraka, tena kwa kujiamini: upweke wa uzeeni ni jambo la Ulaya. Kwetu mzee anaishi na watoto, wajukuu, mkwe na mtoto wa ndugu aliyekuja mjini kutafuta kazi. Nyumba imejaa, upweke utapita wapi? Ripoti ya tume ya Shirika la Afya Duniani kuhusu mahusiano ya kijamii, iliyotolewa Juni 2025, inapaswa kutunyamazisha kidogo. Katika nchi zenye kipato cha chini, karibu watu 24 kati ya 100 walisema wanajisikia wapweke. Katika nchi tajiri ni kama 11. Hizo ni takwimu za watu wa rika zote, lakini zinatosha kuondoa dhana kwamba umaskini na ukoo mkubwa ni chanjo. Tazama siku ya kawaida ya bibi katika nyumba iliyojaa. Saa 12 asubuhi wenye kazi wameshatoka, wanafunzi nao wanamalizia chai wamesimama. Mchana anabaki na msichana wa kazi na televisheni. Jioni wote wamerudi, na kila mmoja ameinamia simu yake. Siku nzima ameulizwa maswali matatu: umelala vipi, umekula, umemeza dawa? Yote ni ya heshima, yote yanahusu mwili wake. Hakuna aliyemwuliza anaonaje kuhusu jambo lolote, na hakuna jambo ambalo lingeharibika kama angebaki kitandani.

Utafiti uliotajwa sana katika eneo hili ni wa Julianne Holt-Lunstad na wenzake, uliochapishwa mwaka 2010. Walikusanya tafiti 148 zenye washiriki zaidi ya 300,000, wakakuta kwamba watu wenye mahusiano mazuri ya kijamii walikuwa na nafasi kubwa zaidi, kwa asilimia 50, ya kuwa hai kipindi cha ufuatiliaji kilipokwisha. Asilimia hiyo 50 ndiyo inayonukuliwa kila mahali. Kilicho muhimu zaidi kwetu kimo ndani ya majedwali. Pale watafiti walipopima jambo moja tu, yaani kama mtu anaishi peke yake au na wenzake, tofauti ilikuwa ndogo, kama asilimia 19. Walipopima namna mtu alivyojichanganya katika pande nyingi za maisha, yaani ndoa, ndugu, marafiki, ibada na vikundi, tofauti ilifika asilimia 91. Kwa hiyo kuhesabu watu walio chini ya paa moja na mzee ni kipimo hafifu. Kinachobeba uzito ni idadi ya nafasi anazozishika: mama wa fulani, jirani wa fulani, mweka hazina wa kikundi, mwanakwaya wa sauti ya pili, mtu anayejua mpaka wa shamba la marehemu ulipita wapi.

Hapo wasomi wana pingamizi zito zaidi. Huenda wanaotoka ni wale walio na afya tayari. Mwenye magoti mazima ndiye anayekwenda kwaya. Ukiwapima wanakwaya utawakuta wazima, na hujathibitisha kwamba kwaya ndiyo iliyowapa uzima. Hili ni pingamizi la haki, na tafiti nyingi za eneo hili huanguka mbele yake. Njia moja nzuri ya kulikabili ilipatikana Taketoyo, mji mdogo wa mkoa wa Aichi nchini Japani. Kuanzia mwaka 2007 mji huo ulifungua vituo vya mtaani ambako wazee hukutana kwa mazoezi mepesi, michezo, kazi za mikono na maongezi, vikiendeshwa na watu wa mtaa wanaojitolea. Watafiti waliwafuatilia wakazi kwa miaka 5. Walichokitumia kwa werevu ni ukaribu wa vituo na nyumba ya mzee. Hakuna aliyejenga nyumba yake miaka mingi nyuma kwa kubashiri kwamba siku moja kituo kitafunguliwa kona ya pili. Kuwa karibu au mbali kulikuwa kama kura, na kura haijali magoti ya mtu. Walioshiriki walianza kuhitaji msaada wa kudumu katika shughuli za kila siku kwa kiwango kilichokuwa chini kwa pointi 6.3 za asilimia kuliko wasioshiriki, na tofauti haikufutika hata kwa kipimo hicho cha ukaribu. Si muujiza. Ni kiasi ambacho mweka hazina yeyote wa serikali angekitaka kama kingeuzwa kwa vidonge.

Taketoyo inatufundisha jambo lingine ambalo watafiti walilitumia kama chombo tu. Umbali ulifanya kazi katika hesabu zao kwa sababu umbali kweli huamua nani anakwenda. Kijana huona mita 300 na mita 1,500 kuwa kitu kilekile. Mzee mwenye fimbo, njia ya mchanga na mfereji usio na daraja haoni hivyo. Sisi tuna mazoea ya kujenga kituo kimoja kikubwa makao makuu ya wilaya, chenye jiwe la msingi na jina la kiongozi aliyelizindua. Fedha hizo zingenunua mabenchi yenye egemeo, choo cha kukalia na kivuli katika mitaa ishirini. Nataja choo kwa makusudi. Wapo wazee wengi ambao hawaendi popote panapochukua zaidi ya saa moja kwa sababu hiyo tu, na hawatamwambia mtafiti kijana anayewauliza kwa nini hawashiriki.

Lakini ukaribu ni mlango tu. Mtu akishaingia, nini kinamfanya arudi wiki ya pili, ya tano, ya thelathini? Huko Baltimore, Marekani, daktari wa magonjwa ya uzee Linda Fried na wenzake walikuwa na jibu lao, na mpango wa Experience Corps ulijengwa juu yake. Wazee wenye miaka 60 na kuendelea hawakuambiwa waje watunzwe afya. Waliambiwa kwamba shule za msingi za mtaani zina watoto wanaohitaji kusaidiwa kusoma, na kwamba kazi ni saa 15 kwa wiki, kwa posho ndogo ya kufidia nauli. Mazoezi ya mwili yalijificha ndani ya safari ya kwenda shule na ngazi za kupanda. Mazoezi ya akili yalijificha katika kukumbuka majina ya watoto na kuelewana na mwalimu. Watu 702 waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine waingie, wengine wabaki na njia za kawaida za kujitolea. Miongoni mwao, 111 walipigwa picha za ubongo. Baada ya miaka 2, wanaume walioingia madarasani walionyesha ongezeko dogo katika sehemu zinazohusika na kumbukumbu, sehemu ambazo kwa umri huo hutarajiwa kusinyaa. Kwa wanawake mabadiliko yalikuwa madogo zaidi. Sampuli hiyo ndogo haitoshi kujenga dini juu yake. Ninachokithamini zaidi ni namna ya kualika. Mtu mzima anayeambiwa aje asaidiwe hujiona mzigo. Anayeambiwa kuna mtoto anamsubiri Jumanne huamka.

Mfano wa karibu nasi zaidi uko Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alitaka kuanzisha huduma katika kitongoji cha Mbare, Harare. Mgonjwa wake mmoja alikuwa amejiua baada ya familia kukosa nauli ya kumrudisha hospitalini. Manesi wote walikuwa na kazi nyingine, vyumba vya zahanati vilikuwa vimejaa, na alichopewa kilikuwa wanawake wazee 14 waliokuwa tayari wahudumu wa afya wa mtaani. Nafasi pekee iliyobaki ilikuwa nje ya jengo. Ndivyo Benchi la Urafiki lilivyozaliwa. Bibi hukaa kwenye benchi la mbao uani mwa zahanati. Anayekuja huulizwa maswali 14 ya Kishona kuhusu usingizi, machozi, kufikiri kupita kiasi, hamu ya kufa; kisha kwa vikao kadhaa bibi humsaidia kuchagua tatizo moja kati ya mengi na kulitafutia hatua ya kuanzia. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2016, yaliyohusisha zahanati 24 na watu 573, yalionyesha kwamba baada ya miezi 6 ni asilimia 14 tu ya waliokaa na bibi waliobaki na dalili za sonona, wakati waliopata huduma ya kawaida walikuwa asilimia 50. Mpango umeenea, na umefika hadi Malawi na Zanzibar.

Majaribio hayo yalipima nafuu ya waliokuja benchini, si ya mabibi, na itakuwa udanganyifu kuyatumia kuthibitisha kwamba mabibi nao walipona kitu. Nayaleta kwa sababu nyingine. Yanaondoa wazo kwamba kumpa mzee kazi ni kumtafutia cha kumpotezea muda. Kazi ile ni ya kweli, imepimwa kwa vigezo vilevile vinavyopimia dawa, na wazee waliifanya vizuri kwa sababu ya mambo ambayo umri uliwapa: wanaujua mtaa, hawana haraka, na hawapo njiani kutafuta ajira nyingine mjini. Ukikosekana katika benchi la namna hiyo, yupo mtu aliyetembea kilomita nzima kukufuata. Huko ndiko kutarajiwa ninakokuzungumzia, na hakuna semina ya kuwahamasisha wazee inayoweza kukutengeneza kwa maneno.

Na huku kwetu tunavyo vyombo vyenye kutarajiwa ndani yake, vingi kuliko tunavyokiri. Chukua kikoba. Wanachama hukutana siku moja ya wiki, saa ileile. Anayechelewa hutozwa faini, asiyekuja bila taarifa hutozwa kubwa zaidi. Fedha hukaa katika sanduku la bati lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na wanachama watatu tofauti, ambao si mwenyekiti wala mweka hazina. Asipofika mmoja wao, sanduku halifunguki, hisa hazinunuliwi, mkopo wa mwenye mgonjwa hautoki. Mtu aliyebuni utaratibu huo alikuwa akilinda fedha dhidi ya wizi, lakini bila kukusudia ametengeneza jambo ambalo wataalamu wa upweke wanalitafuta kwa bajeti kubwa. Mpe bibi wa miaka 72 ufunguo mmoja, na kikundi kizima kitajua hali ya kifua chake kabla ya saa nne asubuhi. Jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizifanya kipaumbele miaka ya 1970, zina sifa nyingine nzuri: hukutana kwa zamu majumbani, hivyo asiyeweza kutoka anaweza kufikiwa na mkutano wenyewe. Wanawake wa pwani wana maulidi na darsa zao, ambako kuna zamu za kusoma, za kupika, za kupokea wageni. Vyombo hivi havikuundwa kwa ajili ya wazee, na hiyo ndiyo sababu vinawafaa.

Hata ubongo ulioanza kusahau una nafasi. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwaweka wazee 34 wenye ugonjwa wa kusahau, katika hatua zake za mwanzo na za kati, kwenye vikundi vidogo vya kuchangamsha akili vilivyokutana mara 14 kwa wiki 7. Njia yenyewe ilibuniwa Uingereza, na huko Hai ikarekebishwa ili imfae mtu asiyejua kusoma. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha nafuu katika uwezo wa akili na katika ubora wa maisha, bila kidonge chochote. Kikundi kilikuwa kidogo, lakini walikuwa watu wetu, katika mazingira yetu. Na anayedhani kwamba mzee hawezi tena kufuata ratiba amkumbuke Kimani Ng'ang'a Maruge, aliyejiandikisha darasa la kwanza katika Shule ya Msingi Kapkenduiyo, Eldoret, mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Machafuko ya baada ya uchaguzi wa Kenya yalipomtupa katika kambi ya wakimbizi mwaka 2008, aliendelea kutembea kwenda shule. Jina lake lilikuwa kwenye daftari la mahudhurio.

Sasa lije pingamizi ambalo mimi naliona zito kuliko yote: njaa. Mzee hana dawa ya shinikizo la damu, paa linavuja, na wewe unamzungumzia kwaya. Mwenye kusema hivi ana haki ya kukasirika, lakini anatenganisha vitu ambavyo katika maisha ya mzee havitengani. Katika jamii zetu kushiriki kuna bei. Kikoba kina hisa, harusi ina mchango, msiba una daftari linalopitishwa na majina yanayosomwa. Mzee asiye na kitu hujiondoa hatua kwa hatua: kwanza kikoba, kisha harusi, mwisho hata msiba wa jirani, kwa aibu ya kukaa mkekani bila kutoa. Watu wakimwona haji husema amezeeka, amepoteza hamu. Alichopoteza ni shilingi 2,000. Kwa hiyo pensheni ndogo ya wazee, pamoja na kuwa fedha ya chumvi na sabuni, ni nauli ya kurudi kwa watu. Huko Muleba, mkoani Kagera, eneo ambalo UKIMWI uliacha mabibi wengi na wajukuu wasio na wazazi, mpango wa Kwa Wazee ulianza mwaka 2003 kwa kuwapa fedha taslimu kidogo kila mwezi, na baadaye ukajenga vikundi vya kusaidiana juu ya msingi huo. Mpangilio huo, fedha kwanza na kikundi baadaye, naona ndio sahihi. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mkazi mwenye miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama ni maskini au tajiri, na kiwango kikapandishwa baadaye. Kenya hutoa shilingi zake 2,000 kwa mwezi kupitia mpango wa Inua Jamii. Tanzania Bara ilipata Sera ya Taifa ya Wazee mwaka 2003, lakini pensheni ya wazee wote bado haijaja. Anayetaka wazee wa bara washiriki shughuli za jamii aanze kudai hapo, kabla ya kununua mpira wa mazoezi.

Wenzake ni wale wanaosema: bibi huyu tayari analea wajukuu watatu, analima, anachota maji, unataka kumwongezea kazi ya kujitolea? Swali hili limenisumbua zaidi kwa sababu miradi mingi inastahili kuulizwa hivyo. Inapenda mabibi kwa kuwa ni nguvu kazi isiyodai mshahara. Naamini kanuni ni mbili. Kazi yenye saa zinazojulikana ilipwe posho, kama Baltimore walivyofanya, kwa sababu heshima isiyo na nauli huisha mwezi wa tatu. Pili, kwa mzee aliyelemewa shughuli inayomfaa ni ile inayompunguzia mzigo: kikundi ambacho mabibi watano wanapeana zamu ya kuwachukua watoto shuleni kinampa bibi siku nne za kupumzika na bado kinamfanya atarajiwe siku ya tano. Kulea peke yako na kulea kwa zamu ni maisha mawili tofauti, hata kama watoto ni walewale.

Kuna mahali ambapo hoja yangu yote inayumba, na si vema kupapita kimyakimya. Katika sehemu za Usukumani wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, macho yao mekundu yaliyotokana na miaka ya moshi wa jikoni yakigeuzwa ushahidi. Kilifi, nchini Kenya, wazee wameshambuliwa kwa tuhuma hizohizo, mara nyingi nyuma yake kukiwa na shamba linalogombewa na warithi, hata wengine wakapaka mvi zao rangi. Huko Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la waliofukuzwa makwao. Katika mazingira hayo kuwakusanya wanawake wazee watano nyumbani kwa mmoja wao jioni kunaweza kuzidisha minong'ono. Kujulikana humlinda mtu, kwani ni vigumu kumzushia anayewafundisha watoto wako hadithi kila Alhamisi, lakini ulinzi huo huchukua muda kujengeka na tuhuma huchukua usiku mmoja. Kwa hiyo huko kazi inaanza kwa vijana, kwa ofisi ya ardhi na kwa polisi, na shughuli za wazee zifanyike mchana, mahali pa wazi, zikichanganya rika. Wakati mwingine shughuli yenyewe inakuwa ya kujihami moja kwa moja: Korogocho, Nairobi, wanawake wazee wamekuwa wakikutana kujifunza kupiga ngumi na mateke dhidi ya wabakaji. Mtu anayedhani shughuli za wazee lazima ziwe za kusuka vikapu aende akawaone.

Linabaki suala la nani amtoe mzee ndani. Uingereza wameamua kwamba daktari, badala ya dawa pekee, anaweza kumwelekeza mgonjwa kwa mtu maalumu anayemtafutia kikundi, bustani au kwaya, na tangu mwaka 2019 huduma yao ya afya imeajiri watu wa kazi hiyo kwa wingi. Wazo linavutia, ila mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2017 yalikuta kwamba nyingi zilikuwa ndogo na dhaifu, hazitoshi kusema kwa uhakika kama utaratibu huo unafanikiwa. Nadhani udhaifu si wa wazo. Mtu anaweza kukuelekeza kwenye kikundi ambacho hakikungoji, nawe ukaenda mara moja, ukakaa pembeni, usirudi. Kenya ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 mwaka 2023, kila mmoja akipangiwa kaya zipatazo mia moja. Tanzania nayo ilianza mpango wake mpya wa wahudumu ngazi ya jamii mwaka 2024. Hawa tayari wanapiga hodi. Wanauliza kuhusu chandarua, choo, ujauzito na chanjo. Waongezewe maswali mawili kwa kila kaya yenye mzee: wiki iliyopita alitoka kwenda wapi, na nani alikuja kuuliza hali yake asipoonekana? Jibu likiwa hakuna, mhudumu asimpe karatasi yenye namba ya simu. Aende naye mara ya kwanza, amkabidhi kwa mtu mwenye jina, na kikundi kimpangie zamu hukohuko.

Wanaume watakuwa wagumu zaidi. Mwanamke wa miaka 65 mara nyingi ana vikundi vitatu vilivyomzoea. Mwanamume aliyestaafu alikuwa na ofisi, na ofisi imekwisha. Bao na kahawa barazani vinawasaidia wengi, hasa pwani, na nisingethubutu kuvidharau: wachezaji wanne wa kila jioni wanajuana mapigo ya moyo. Lakini baraza halina zamu wala wajibu, na aliyeanza kukosa kusikia vizuri huachwa nje ya utani taratibu mpaka asione sababu ya kwenda. Kwa wanaume hao naona ufundi una nafasi kubwa kuliko mazungumzo: kurekebisha madawati ya shule, kusuluhisha mipaka katika baraza la ardhi la kata, kufundisha vijana useremala, kutunza mashine ya maji ya mtaa. Waalikwe mapema, miaka kadhaa kabla ya kustaafu, wangali na nguvu za kukataa na kukubali. Na watakaokataa wapo, wanaume kwa wanawake. Wapo waliochoshwa na watu maisha yao yote na wanaoona utulivu wa uzeeni kuwa mshahara wao. Wasiburutwe. Waulizwe tu tena baada ya miezi michache, kwa sababu anayekataa mwaka aliomzika mwenzi wake huenda mwaka unaofuata akawa anasubiri mtu arudie swali.